Nani Alikula Shilingi 265 za Mtungi wa Gesi?

Dukani ninakonunua gesi, huku Kisauni, Mombasa, bei imeandikwa kwenye kipande cha boksi kilichofungwa kwa waya dirishani. Si bei moja, ni bei zilizolaliana. Kila inapobadilika, mwenye duka hukata kikaratasi cheupe, akaandika tarakimu kwa kalamu ya wino mzito, akakibandika kwa selotepu juu ya kile cha zamani. Ukitazama kwa pembeni unaona matabaka kama ya kitunguu. Mwanzoni mwa Julai 2023, redio zote zikitangaza kwamba ushuru wa gesi ya kupikia umeondolewa, nilibeba mtungi wangu wa kilo 13 nikaenda nikitarajia tabaka jipya. Halikuwapo.

"Kaka, hii ni stoki ya zamani," akaniwahi kabla sijafungua mdomo. "Ngoja gari lije."

Gari lilikuja wiki ya pili yake. Bei ikashuka kwa kiasi cha nauli ya kwenda mjini na kurudi. Kufikia mwisho wa mwaka kikaratasi kingine kilikuwa kimebandikwa, na nafuu yote ilikuwa imemezwa. Simlaumu mwenye duka, na nitaeleza kwa nini. Ila tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo sijaona waziri yeyote akilijibu: ushuru ule ulipoondoka bandarini, ulifika jikoni kwa nani?

Nauliza kwa sababu dawa hii ni ya mazoea sasa. Nchi ikipata shida ya mafuta, foleni zikianza vituoni na watu wakianza kunung'unika, kitu cha kwanza kinachotajwa bungeni ni kusamehe ushuru wa gesi ya kupikia. Ni dawa nzuri masikioni. Haihitaji kujenga chochote, na aliyeitangaza hupigiwa makofi siku hiyohiyo. Kujua kama imefanya kazi ndiko kunakotushinda.

Tukumbushane safari yenyewe. Mwaka 2016 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa thamani ya ziada, VAT, kwenye gesi ya kupikia. Nia ilikuwa kuwatoa watu kwenye kuni, makaa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 ikasukuma kutoka upande wa pili. Mwezi Februari ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na makaa yakapanda bei. Baadaye mwaka huohuo ikaweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Yaani vidato vya chini vya ngazi vilipakwa grisi ili watu wapande juu. Wakapanda. Kisha tarehe 1 Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwenye kidato kile kile walichoambiwa wapande.

Wakati mbaya kuliko ule ni vigumu kuupata. Bei za dunia zilikuwa zinapanda, na zilipofika kileleni mwezi Aprili 2022, tani moja ya propeni, moja ya gesi mbili zinazochanganywa mtungini, kwa bei ya mkataba ya Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, ile inayotangazwa kila mwezi na kufuatwa na wanunuzi wa pande zetu, ilikuwa dola 940. Ya buteni, gesi ya pili, dola 960. Mtungi wa kilo 13 ukavuka Sh3,000. Taarifa za serikali zenyewe zinaonyesha kilichofuata: matumizi ya gesi nchini yalianguka kutoka takriban tani 374,000 mwaka 2021 hadi takriban tani 334,000 mwaka 2022. Tani 40,000 ni zaidi ya mitungi milioni tatu ya kilo 13 ambayo haikujazwa. Watu hawakuacha kula mwaka ule. Walirudi kwenye seredani na mafiga.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Sina hamu ya kuona gesi ikitozwa ushuru, na anayedai kwamba VAT haina uzito kwa maskini hajawahi kusimama dukani na noti mbili za elfu akaambiwa zimepelea. Julai 2022 ilipunguzwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ikafutwa, na pamoja nayo gesi ikasamehewa ada mbili zinazokatwa bandarini: ile ya uagizaji, inayojulikana kwa herufi IDF, iliyokuwa asilimia 3.5, na ile ya reli, RDL, iliyokuwa asilimia 2. Hatua hizo nilizishangilia.

Lakini tufanye hesabu ya duka, bila utaalamu. Tuseme mtungi wa kilo 13 mwezi Juni 2023 ulikuwa Sh2,900. VAT ya asilimia 8 iliyojificha ndani yake haizidi Sh215. Zile ada mbili za bandarini hukokotolewa kwa thamani ya mzigo unaposhuka melini, si kwa bei ya dukani, na thamani hiyo ilikuwa ndogo wakati ule, tuzipe Sh50. Jumla ni Sh265 au pungufu. Hizo ndizo serikali ilizoachia kwa kila mtungi.

Sasa tazama upande wa pili wa bahari. Julai 2023, mwezi uleule wa msamaha, bei ya Saudi Aramco ilikuwa imeporomoka hadi dola 400 kwa tani ya propeni na dola 375 kwa buteni. Ukichukua wastani wa hizo mbili, na dola ikiwa kama Sh141, gesi iliyomo ndani ya mtungi wa kilo 13, kabla ya nauli ya meli na faida ya mtu yeyote, ni kama Sh710. Miezi mitatu baadaye, Oktoba, propeni ilikuwa dola 600 na buteni 615, na dola ilikuwa imepanda hadi karibu Sh149. Gesi ileile sasa ni kama Sh1,180. Ongezeko ni Sh470. Msamaha wote wa serikali ukamezwa, na bado deni likabaki.

Ndiyo maana nilisema simlaumu mwenye duka. Hata ile VAT yenyewe haioni. Duka lenye mauzo yasiyofika Sh5 milioni kwa mwaka halilazimiki kujisajili kwa VAT. Linanunua mitungi kwa msambazaji kwa bei moja iliyokwishapikwa, ushuru umo au haumo, halijui. Ukimwambia yule kaka kwamba serikali imemsamehe asilimia 8, ni kama kumwambia mvua imenyesha Turkana. Anachojua ni bei ya gari la leo na bei ya gari lililopita.

Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kusema: basi hakuna aliyekula, dunia ndiyo iliyokula. Inawezekana. Lakini geuza hesabu uitazame tena. Kutoka Aprili 2022 hadi Julai 2023, gesi iliyomo mtungini ilishuka kutoka kama Sh1,430 hadi Sh710. Na ushuru nao ukashuka, kutoka asilimia 16 hadi sifuri. Vyote viwili vilikwenda upande mmoja, chini. Je, bei ya kule dukani kwetu ilishuka kwa Sh700 na zaidi, na juu yake shilingi mia nne hivi za ushuru? Haikukaribia. Labda nauli za meli zilikula. Labda wauzaji wa jumla walikuwa wakifidia hasara za mwaka uliotangulia. Labda ni gharama za mitungi, bima, mikopo ya benki. Na labda ni faida tu, iliyonenepa kimyakimya. Mimi na wewe hatuwezi kutofautisha, na hapo ndipo penye kidonda.

Linganisha na petroli. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, inatangaza bei ya petroli, dizeli na mafuta ya taa, mji kwa mji. Pamoja na bei hutolewa mchanganuo: mafuta yaligharimu kiasi gani yalipofika Mombasa, kuyahifadhi na kuyasafirisha ni kiasi gani, muuzaji anaruhusiwa faida gani, na kodi moja moja imeorodheshwa. Unaweza kukasirika, lakini unajua unamkasirikia nani. Serikali ikipunguza kodi ya petroli kwa shilingi mbili leo, tarehe 14 mtu wa Mandera ataziona hizo mbili kwenye tangazo. Gesi haimo. Bei yake imeachiwa soko, na soko halitoi mchanganuo.

Na soko lenyewe si lile la Kongowea, ambako akikuuzia ghali huyu unavuka barabara kwa yule. Gesi karibu yote tunayotumia inaingia kwa meli kupitia Mombasa, na kwa miaka zaidi ya kumi sehemu kubwa mno imepitia kituo kimoja cha kampuni binafsi, Africa Gas and Oil, kule Miritini, chenye matangi ya tani 25,000. Sisemi hili kwa kijicho. Kabla ya kituo hicho meli zilizoweza kushusha hapa zilikuwa ndogo, na gesi inayoletwa kidogokidogo huwa ghali; aliyejenga alijenga wakati serikali inaandaa mikutano. Februari 2023 Rais William Ruto aliweka jiwe la msingi la kituo cha pili, cha Taifa Gas ya mfanyabiashara wa Tanzania Rostam Aziz, kule Dongo Kundu, kilichopangiwa tani 30,000. Serikali nayo imekuwa na mpango wake wa matangi ya umma ya gesi kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha kusafisha mafuta, Changamwe, mpango ambao nimeusikia kwa muda mrefu kiasi cha kuufahamu kama wimbo wa shule. Lakini mlango ukiwa mmoja, au hata miwili, na hakuna anayeandika ukutani bei ya kupitia, ushuru unaoondolewa hapo mlangoni unamwangukia kwanza anayesimama mlangoni. Akitaka ataupitisha mbele. Asipotaka, nani atajua?

Huenda msomaji anasema: lakini wakati wa uhaba si wa mahesabu, ni wa kuzima moto. Basi turudi kwenye uhaba wenyewe, kwa sababu kuna jambo tulilishuhudia sote na tukalipita.

Machi na Aprili 2022 petroli ilikosekana. Nakuru, Kisumu, Eldoret, foleni zililala barabarani. Hapa kwetu matuktuk yalipanga mstari tangu alfajiri, madereva wakiyasukuma kwa mkono kila mstari unaposogea ili wasichome tone la mwisho. Sababu haikuwa bahari kukauka. Serikali ilikuwa ikishikilia bei ya vituoni kwa ruzuku, kisha ikachelewa kuwalipa wauza mafuta mabilioni yao. Wakauza kwa kubana. Mafuta mengine yakaelekezwa nchi jirani ambako hakuna bei ya kushikiliwa. Mzozo ulipamba moto hadi mkuu wa kampuni ya mafuta ya Rubis hapa Kenya akafukuzwa nchini. Tarehe 14 Aprili bei ikapandishwa hadi Sh144.62 Nairobi, madeni yakaanza kulipwa, na foleni zikayeyuka.

Wakati wote huo, gesi ilikuwapo. Sikukosa mtungi hata siku moja. Ilichokosa ni mnunuzi. Kwenye petroli bei ilikuwa nafuu na bidhaa haipo. Kwenye gesi bidhaa ipo na bei haishikiki. Uhaba wa kwanza ni wa mali, wa pili ni wa mfuko. Msamaha wa ushuru hauwezi kuleta mali ambayo haipo: haulipi deni la mwagizaji, hauteremshi meli iliyokwama nje ya bandari, hauongezi tangi. Kama mitungi ni mia na wanunuzi mia mbili, punguza ushuru utakavyo, bei itabaki pale pale ambapo mnunuzi wa mia atakubali kulipa, na tofauti itabaki kwa mwenye mitungi. Wapo wanaoudai msamaha huo kila uhaba unapotokea, na kila mara huwa najiuliza kama ni kwa kutojua au kwa kujua sana.

Kwa uhaba wa mfuko, msamaha unasaidia. Ila hapo nao unasaidia ukikaa. Mama anayefikiria kuhama kutoka makaa hapigi hesabu ya mwezi mmoja. Anahesabu mtungi, meko, rejuleta na mpira kabla hajawasha hata mara moja, halafu anajiuliza kama baada ya miezi sita ataweza kuujaza. Tumempa nini cha kuhesabia? Sifuri 2016, kumi na sita 2021, nane 2022, sifuri 2023. Mtu wa dau hujua upepo utageuka lini kwa kutazama mwezi na nyota. Upepo wa Hazina hautabiriki. Kila ulipogeuka, ulimkuta mtu katikati ya safari.

Jirani yangu anayekaanga viazi karai ana majibu yake. Ana meko ya gesi na seredani ya makaa, bega kwa bega, kila kimoja na karai yake. Asubuhi, watoto wa shule wakiwa na haraka, anawasha gesi. Jioni, wateja wakiwa na muda wa kukaa na kusogoa, anachochea makaa. Siku moja nilimuuliza, "Shangazi, mbona majiko mawili? Si uchague moja?"

"Mwanangu, gesi haiagi," akanijibu, akikung'uta ukwaju uliomganda vidoleni. "Makaa unayaona yakiisha."

Makaa anayanunua kwa kopo. Akiwa na hamsini, anapata ya hamsini. Mtungi hauuzwi nusu. Zipo kampuni zinazofunga mita kwenye mtungi ili mtu alipe kidogokidogo kwa simu, na zimewafaa wengi mijini, lakini kwake hazijafika. Ushuru upungue au uongezeke, kwa mtu kama huyu tatizo la kwanza ni kwamba gesi inataka fedha nyingi kwa mpigo, na biashara yake inaingiza fedha kidogo kwa mapande. Sensa ya 2019 ilikuta kaya asilimia 23.9 ndizo zinazotegemea gesi kama nishati kuu ya kupikia. Kuni zilikuwa asilimia 55.1. Msamaha wa VAT humfikia kwanza, na zaidi, yule asilimia 24 ambaye tayari ana mtungi, na ndani yao humfikia zaidi mwenye mitungi miwili na oveni. Mimi nimo humo. Nashukuru, lakini sikuwa ndiye aliyetajwa kwenye hotuba.

Hotuba ziliahidi makubwa kuliko hesabu. Mapema 2023 Rais Ruto alisema bei ya mtungi wa kilo 6, iliyokuwa Sh2,800 kwa maneno yake, ingeshushwa hadi kati ya Sh300 na Sh500. Sh500 kwa kilo 6 ni bei ambayo hata gesi ingetolewa melini bure kabisa isingeacha nafasi kubwa ya kuijaza, kuisafirisha na kuiuza. Ahadi ya aina hiyo ina madhara zaidi ya kutotimia. Mtu aliyeambiwa Sh500 akikuta dukani Sh1,200 anaamini kwamba mwenye duka ndiye mwizi, na anamtafuta mwingine wa bei ya chini.

Na yupo mwingine. Yupo anayejaza mitungi kichochoroni kutoka mtungi mkubwa, bila mizani na bila kibali. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake, kila mtungi na wake. Ukiupima uliojaa na kutoa ule uzito, ndipo unapojua umeuziwa kilo ngapi. Ni wangapi kati yetu wameinama kuisoma hiyo namba? Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 lori la gesi lililipuka Embakasi, katikati ya nyumba za watu. Watu walikufa, zaidi ya 270 wakajeruhiwa, na EPRA ikaeleza kwamba maombi ya kibali cha kujenga kituo cha gesi mahali pale yalikuwa yamekataliwa. Sisemi ushuru ndio uliolipua lile lori. Nasema gesi ya bei isiyoeleweka huzaa gesi ya njia zisizoeleweka.

Kuna kejeli nyingine ndogo ambayo lazima niitaje, maana haikusemwa vya kutosha wakati ule. Sheria ileile ya Fedha ya 2023 iliyosamehe gesi ndiyo iliyopandisha VAT ya petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16. Sasa gesi hutoka Mombasa kwenda Busia kwa nini? Kwa lori la dizeli. Na kutoka dukani hadi nyumbani kwa mteja wa ghorofa ya nne? Kwa boda ya petroli. Mkono wa kulia ulitoa, wa kushoto ukachukua sehemu yake njiani, na kadiri ulivyo mbali na bahari ndivyo sehemu hiyo ilivyokua.

Si sisi peke yetu. Nigeria ilifuta ushuru wa forodha na VAT kwenye gesi ya kupikia iliyoagizwa kutoka nje mwishoni mwa 2023, wakati bei zimewachosha watu. Mwanzoni mwa 2024 naira ikaporomoka hadi zaidi ya 1,500 kwa dola, na mitungi ikapanda bei badala ya kushuka. Nchi inayozalisha gesi yenyewe, na bado sarafu ilishinda msamaha. Tanzania kwa upande wake imeongeza njia nyingine: kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, mitungi ya kilo 6 imeuzwa vijijini kwa nusu bei. Njia hiyo nayo ina mitego yake, maana mtungi wa nusu bei bila uwezo wa kuujaza huishia kuwa kigoda. Lakini angalau imelenga kizingiti cha kwanza, na ruzuku inahesabika kwa vichwa: mtungi huu amepewa nani, kijiji gani.

Na tukiwataja majirani, nikumbushe Aprili 2017, Kenya ilipozuia gesi iliyokuwa ikiingia kwa malori kutoka Tanzania. Ugomvi ulidumu hadi Julai mwaka ule ndipo mawaziri wakapatana. Malori yale ya kutoka Tanga yalikuwa mlango mwingine wa gesi, mdogo lakini wa kweli, na mlango wa pili humfanya wa kwanza asijisahau. Katika uhaba wowote ujao, mpaka wa Lungalunga ulio wazi bila usumbufu utafaa kuliko asilimia kadhaa za VAT, na hautaigharimu Hazina hata senti.

Wanaotetea msamaha watanionyesha takwimu, na ni haki yao. Matumizi yalipanda hadi takriban tani 360,000 mwaka 2023, na takriban tani 415,000 mwaka 2024. Naam. Bei ya dunia ilikuwa chini ya ile ya 2022 na ushuru haukuwapo, vyote vilisaidia. Ndiyo sababu nataka VAT ibaki sifuri, na ibaki kwa miaka iliyotajwa kwenye sheria, kumi ikiwezekana, si kwa hisani ya mswada wa kila Juni.

Ninachodai zaidi ya hapo ni kidogo, na nashangaa kwamba hakijafanyika. Sidai bei ya gesi ipangwe na serikali. Tumeona 2022 bei ya kupangwa inavyoweza kuleta foleni. Nadai mchanganuo. EPRA ina takwimu za kila mzigo unaoshuka. Siku ileile ya tarehe 14, chini ya jedwali la petroli, ichapishe mistari mitano ya gesi: kilo 13 zimefika Mombasa kwa kiasi gani, ghala na ujazaji kiasi gani, usafiri hadi Nairobi, Kisumu na Garissa kiasi gani, kodi kiasi gani, na wastani wa bei ya duka katika miji hiyo. Basi. Kila mtu auze atakavyo. Lakini siku serikali itakapotangaza tena, katika joto la uhaba mwingine, kwamba imesamehe Sh265 kwa mtungi, tutaweza kuzifuata hizo shilingi mstari kwa mstari, na zikipotea kati ya mstari wa pili na wa tatu tutajua mlango wa kubisha. Mwagizaji mwaminifu naye atanufaika, kwa sababu bei ya Saudia ikipanda hataitwa mnyang'anyi kwa kosa la dola.

Nimewahi kuambiwa kwamba wauza gesi watalia kuwa hizo ni siri za biashara. Wauza petroli walilia hivyohivyo mwaka 2010 bei zilipoanza kudhibitiwa, na bado wapo, wanauza, na vituo vyao vinaongezeka kila njia panda.

Tarehe 14 iliyopita nilikuwa pale kwa Shangazi jioni, nimekalia kreti, nikisubiri viazi vya mia. Redio yake ndogo inaning'inia kwenye msumari juu ya seredani. Msomaji wa habari alisoma petroli, akasoma dizeli, akasoma mafuta ya taa, Mombasa, Nairobi, Nakuru. Shangazi alisimamisha mwiko akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na ya mtungi?" Redio ilikuwa imeingia kwenye michezo. Akainama akatia makaa mengine mawili.